Sainasi: Dawa ya Kupuliza Puani na Maji ya Chumvi

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Mlituomba tuzungumze juu ya sainasi, na tuliposikia sababu yenu tulikubali mara moja. Waweka hazina wenu walituambia kwamba pesa ndogo ndogo za dharura, zile zinazokopwa leo na kulipwa mwisho wa mwezi, nyingi zinaishia kwa dawa za pua na za kichwa. Mtu anakopa, ananunua kapsuli, anapata nafuu siku nne, halafu anarudi kukopa tena. Yuko mwanachama aliyeuza kuku wake wote wa mayai kwa njia hiyo hiyo, mmoja mmoja, na pua bado imeziba. Kwa hivyo leo hatukuja na hotuba ndefu juu ya magonjwa. Tumekuja kueleza ni dawa gani husaidia pua iliyovimba kwa muda mrefu, na hutumiwaje.

Kwanza tuelewane juu ya jina lenyewe. Siku hizi kila kichwa kikiuma watu husema ni sainasi. Sivyo. Kichwa kinachouma peke yake, bila pua kuziba na bila kamasi, mara nyingi kina sababu nyingine: macho yanayohitaji miwani, kipandauso, presha, malaria, au hata njaa na kazi nyingi. Sainasi sugu tunayoizungumzia ina dalili zake. Pua imeziba, au kamasi nzito inatoka mbele au inateremka nyuma kooni. Pamoja na hayo uso huwa mzito au huuma, na kunusa kunapungua. Na hali hiyo imekaa wiki 12 au zaidi bila kuisha kabisa. Mafua ya kawaida, ambayo hapa tunayaita homa, huisha kwa siku 7 hadi 10 hata usipomeza kitu.

Hiyo habari ya kunusa msiidharau. Mama asiyenusa hajui maziwa yameungua mpaka aone moshi. Hajui mafuta ya taa yanavuja, wala gesi ya mtungi. Chakula nacho hakimpi hamu, akaanza kukonda, na majirani wakaanza kusema maneno yao.

Sasa sainasi ni nini? Mifupa ya uso si mizito kama jiwe. Ndani yake mna vyumba vyenye hewa, jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho na pua, na nyuma kabisa ndani ya kichwa. Kila chumba kina mlango mdogo unaofunguka puani. Ukuta wake umefunikwa na ngozi laini yenye majimaji na vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinywele hivi hufagia kamasi usiku na mchana, na kuipeleka kooni, nasi tunaimeza bila kujua.

Chumba cha shavuni kina jambo la ajabu: mlango wake uko juu, hauko chini. Fikirieni tangi la maji ambalo fundi ameweka bomba la kutolea maji karibu na mfuniko! Tangi la namna hiyo haliwezi kujimwaga lenyewe. Ndivyo ilivyo shavuni. Kamasi haitoki isipokuwa vinywele viipandishe mpaka mlangoni. Basi ngozi ikivimba, mlango unafungika. Vinywele vikiharibiwa na moshi au maradhi, ufagiaji unasimama. Kamasi inalala humo, inakuwa nzito, uvimbe unaongezeka, mlango unazidi kubanwa.

Mkilielewa hilo, mtaelewa kwa nini kapsuli hazikumsaidia yule mwenye kuku. Kapsuli za antibiotiki huua vijidudu vya bakteria. Uvimbe haziuondoi. Katika sainasi sugu tatizo kubwa ni uvimbe wenyewe, na mara nyingi bakteria si ndio mwanzo wake. Na kila unapomeza antibiotiki bila sababu, unawafundisha vijidudu vya mwilini mwako kuizoea. Siku mtoto wako atakapopata nimonia ya kweli, dawa ile ile huenda ikashindwa.

Wengine hupigwa sindano. Unaambiwa, hii ni ya aleji, ya miezi mitatu. Mara nyingi ndani ya sindano hiyo mna steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Ni kweli pua hufunguka, tena haraka. Lakini dawa hiyo imepita mwili mzima, kutoka kichwani mpaka kwenye mifupa ya miguu, ili kutibu ngozi ya puani isiyozidi kiganja chako. Ikirudiwa rudiwa inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na mwili unasahau kutengeneza steroidi yake wenyewe. Haifai kuwa desturi.

Njia iliyo bora ni kuipeleka dawa pale pale penye uvimbe, kidogo kidogo, kila siku. Mwaka 1973 daktari wa Denmark, Niels Mygind, aliandika matokeo yake ya kupuliza steroidi iitwayo beklometasoni ndani ya pua za watu wenye aleji ya chavua za majani. Tangu wakati huo zimetengenezwa nyingine: budesonidi, flutikasoni, mometasoni. Zote zinafanya kazi ya namna moja. Kipimo chake ni kidogo sana, kinahesabiwa kwa sehemu za milioni za gramu, na kinachoingia katika damu ni kidogo zaidi. Budesonidi ya kupuliza puani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba ni dawa ya matajiri tu. Mwaka 2016 watafiti waliokusanya majaribio mengi ya dawa hizi kwa wagonjwa wa sainasi sugu waliona kwamba zinapunguza dalili, hasa kuziba kwa pua, na kwamba kasoro yake ya kawaida ni kutokwa damu kidogo puani.

Lakini dawa hii haina haraka, na hapa ndipo watu wengi huiacha. Unapuliza leo, unangoja dakika kumi, hakuna kitu. Kesho vile vile. Siku ya nne unasema nimeibiwa, unaitupa chupa kwenye dirisha. Si dawa ya kufungua pua papo hapo. Inatuliza uvimbe pole pole, kama mvua ndogo inavyolainisha shamba gumu. Nafuu ya kwanza huonekana baada ya wiki moja au mbili, na katika sainasi sugu usihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12 za kupuliza kila siku, siku nzuri na siku mbaya.

Inayofungua papo hapo ni nyingine. Mnazijua: zailometazolini na oksimetazolini, za matone au za kupuliza. Hizi hubana mishipa ya damu ya puani, na ndani ya dakika chache unapumua vizuri. Ni tamu hivyo, na hatari yake iko hapo hapo. Ukizitumia zaidi ya siku 5 au hivi, pua inazizoea. Dawa ikiisha nguvu, pua inavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, na tena. Kuna watu hawalali bila chupa hiyo chini ya mto. Basi mkienda kemisti msiseme tu “nipe dawa ya pua.” Ulizeni: hii ni ya kutuliza uvimbe kila siku, au ni ya kufungua kwa siku chache? Mwuzaji mwema atawajibu bila kukasirika.

Na ile mafuta ya kusugua yenye harufu kali, je? Mentholi inaudanganya ubongo uhisi ubaridi, na mtu huona kama pua imefunguka, lakini uvimbe uko pale pale. Haina ubaya kwa mtu mzima anayetaka kulala. Kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka ndiko kunakotutia wasiwasi, na hasa mtoto akifunikwa. Watoto wameungua uso na kifua kwa njia hii. Msifanye. Na kukatwa kimio na mtu mwenye wembe hakutibu pua hata kidogo. Kunaleta damu nyingi na maambukizo.

Haya, tuje kwenye kupuliza kwenyewe, maana dawa nzuri ikipulizwa vibaya ni pesa ya bure. Tumeona watu wakiinua uso juu kama wanaotazama ndege, wanapuliza, halafu wanavuta kwa nguvu mpaka dawa inaishia kooni. Wameimeza, hawakutibu pua.

Kwanza penga kamasi pole pole. Tikisa chupa. Kama ni mpya, au imekaa siku nyingi, bonyeza hewani mara kadhaa mpaka ukungu utoke sawasawa. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayetazama vidole vyake vya miguu. Sasa sikilizeni: tundu la kulia hupulizwa kwa mkono wa kushoto, na la kushoto kwa mkono wa kulia. Ukifanya hivyo mdomo wa chupa unaelekea nje, upande wa sikio la upande huo huo, ambako ndiko dawa inakotakiwa. Ukiuelekeza katikati, dawa itapiga ule ukuta unaogawa matundu mawili, na hapo ndipo damu hutokea. Bonyeza, huku ukivuta pumzi taratibu, kama unayenusa ua. Usipenge mara moja baadaye. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi na urudishe kifuniko. Damu ikitoka mara kwa mara, pumzisha tundu hilo siku chache na umwone afisa wa kliniki.

Someni hesabu kwenye chupa. Chupa ya mipulizo 120, kwa mtu aliyeambiwa apulize mara 2 kila tundu mara moja kwa siku, inakwenda siku 30. Ikipita hapo mnaweza kusikia maji yakicheza ndani, lakini kipimo si cha kuaminika tena. Wekeni alama ya siku ya kuanza kwa kalamu. Na chupa hii ni kama mswaki: haiazimwi. Tunajua vikundi vinapenda kununua pamoja, na ni vizuri. Nunueni pamoja kwa bei nafuu, lakini kila mtu awe na yake.

Kabla ya dawa, oshea pua njia. Kamasi nzito ikiwa imefunika ngozi ya ndani, mpulizo utaangukia juu ya kamasi. Ndiyo maana madaktari wanasisitiza maji ya chumvi. Tunafurahi kuwaambia jambo hili maana ni la bei ya chini kabisa katika matibabu yote ya sainasi: kikombe cha robo lita ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, na ukipenda, magadi ya kuokea mikate kiasi cha kuokota kwa vidole viwili ili yasiwashe. Maji yawe ya uvuguvugu. Yakiwasha sana, punguza chumvi. Maji matupu bila chumvi yanachoma zaidi kuliko yenye chumvi.

Lakini maji yawe yamechemshwa. Hili hatulegezi. Maji ya kisima, ya mto, ya mvua, hata ya mfereji mnayokunywa bila kuumwa, hayafai puani kabla ya kuchemshwa. Kuna mdudu mdogo wa majini aitwaye Naegleria. Akimezwa, tumbo linammaliza. Akiingia juu puani, anaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji yasiyochemshwa. Ni jambo la nadra sana, ila kinga yake ni moto wa jikoni tu. Maji yatokote dakika 1. Sehemu zilizo juu ya mita 2,000, kama Limuru na Nyahururu, yatokote dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata moto kama wa Mombasa. Yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, na yasilale zaidi ya siku.

Chupa maalumu za kuoshea zinauzwa, ila bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, linatosha. Inama juu ya karai, fungua mdomo, pumua kwa mdomo, sukuma maji pole pole tundu moja yatokee la pili. Usisukume kwa nguvu, masikio yatauma. Penga taratibu, ngoja kama dakika kumi, kisha puliza dawa yako. Bomba lioshwe na kuanikwa likauke, na hilo pia kila mtu na lake.

Mmoja wenu ametuuliza kama mtu anaweza kutumia ile pampu ya pumu puani. Hapana. Ile imetengenezwa kwa kifua. Lakini swali lenyewe ni zuri, kwa sababu pua na kifua ni njia moja. Wengi wenye pumu wana pua mbovu pia, na pua ikitulizwa kifua nacho mara nyingi hutulia. Mwenye pumu ambaye hubanwa akimeza aspirini au dawa za maumivu za jamii yake, na pua yake imeota vinyama, amweleze daktari yote matatu pamoja. Hayo huenda pamoja. Mwingine ameuliza juu ya mashine ya mvuke wa dawa, nebulaiza, ikiwekwa antibiotiki kwa ajili ya pua. Miongozo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2020 haikuona kwamba antibiotiki za kupakwa au kupulizwa puani zinashinda dawa ya uongo. Pesa hizo nunueni chumvi.

Hapa tuseme pole pole. Mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri, ambazo mara nyingi hupewa aliyebadilishiwa dawa za kwanza, asinunue flutikasoni wala budesonidi kwa kujichagulia. Ritonaviri inalizuia ini lisivunje steroidi hizo, na ule mpulizo mdogo wa puani hujazana mwilini mpaka uso unavimba kuwa mduara, sukari na presha zinapanda, na mwili unadhoofika. Beklometasoni haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndiyo ambayo kwa kawaida daktari huichagua. Si lazima kutangaza hali yako mbele ya foleni ya dukani. Rudi kliniki yako ya ARV, uulize kule. Na usiache ARV hata siku moja kwa ajili ya pua. Vile vile wajawazito, wenye presha ya macho, na wazazi wa watoto wadogo waanze kwa daktari. Mtoto anayetumia steroidi miezi mingi hupimwa urefu.

Kuna wakati wa kutongoja wiki 12. Jicho likivimba au kuwa jekundu upande wa pua inayouma, mtu akiona vitu viwili viwili, kichwa kikiuma vibaya pamoja na homa kali na shingo ngumu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Tundu moja tu likiziba na kutoa damu, au uvimbe ukitokea shingoni pamoja na sikio moja kuziba, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Nairobi wameandika juu ya saratani ya nyuma ya pua kwa watu wa nyanda zetu za juu, na ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi. Harufu mbaya upande mmoja kwa mtu mzima huenda ni jino la juu lililooza mpaka mizizi. Kwa mtoto, ni harage, ushanga au kipande cha godoro alichojiingiza. Msikitoe wenyewe kwa kijiti. Na kama ni betri ndogo ya saa, kimbieni.

Wale wenye vinyama vikubwa huenda wakahitaji upasuaji. Mtu asidhani akishapasuliwa amemaliza. Upasuaji unafungua milango ili maji ya chumvi na dawa viingie vyumbani. Uvimbe una tabia ya kurudi, na mpulizo unaendelea.

Tusisahau moshi. Mama anapuliza dawa saa moja asubuhi, saa moja na nusu ameinama juu ya mafiga matatu katika jiko lisilo na dirisha. Jiko la Upesi linapunguza kuni, lakini moshi wenyewe unataka dohani au tundu kubwa ukutani, na kuni zilizokauka. Anayefanya kazi kwenye kinu cha kusagia posho ajifunge kitambaa. Na wazee wetu, ugoro! Tunajua ni wa heshima, tunajua mnapigia chafya na kusema kichwa kimefunguka. Kilichofunguka ni kamasi inayojaribu kuutoa huo ugoro. Hatuwezi kutibu pua inayojazwa tumbaku mara kumi kwa siku.

Katika vikundi vyenu tungeomba jambo moja. Mwekeni mtu mmoja mwenye daftari, aandike nani ameanza dawa, siku gani, na baada ya wiki 8 aulize: unanusa? unalala? kapsuli ngapi hukununua? Mkiwa na daftari hilo mtajua kama pesa za mkopo zimefanya kazi, na afisa wa kliniki atakuwa na kitu cha kusoma badala ya kubahatisha.

Sasa maji yaliyochemshwa asubuhi yamepoa. Walioleta vikombe na mabomba wasogee mbele, wengine mtazame mkono upi unashika upande upi, na karai liwekwe hapa kivulini.